Wageni Wawili wa Kusi

Masika yakisha kupita na kipupwe kikaingia, pwani ya Waswahili hupokea wageni wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza huja kwa ndege kutoka Ulaya, ambako skuli zimefungwa na watu wamepewa likizo. Wa pili huja kwa kuogelea kutoka maji ya barafu yaliyoizunguka Ncha ya Kusi ya dunia, mwendo wa maelfu ya kilomita. Wa kwanza amelipa nauli, amekata bima, na mkononi ana karatasi yenye siku ya kufika na siku ya kuondoka. Wa pili hana karatasi, ila kalenda yake ni kongwe kuliko ya mwenziwe. Huyo ni nyangumi mwenye nundu, ambaye kati ya Julai na Oktoba huonekana nje ya miamba ya Msumbiji, ya Unguja na Pemba, na kaskazini zaidi hadi Watamu na Malindi.

Iwapo wageni hawa wawili watakutana, na watakutana kwa namna gani, ni jambo linaloamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nahodha hulaumiwa kwa yanayotokea baharini. Lakini mengi ya hayo yalikwisha kupangwa nchi kavu, juu ya meza, siku mbili tatu kabla ya nanga kung'olewa.

Meza hiyo yaweza kuwa Mji Mkongwe, au Nungwi, au ukumbini mwa hoteli yoyote iliyoelekea bahari. Mgeni ameketi upande huu. Upande wa pili yuko kijana wa shirika la kutembeza watalii, au papasi aliyemfuata tangu Forodhani. Picha imewekwa kati yao: nyangumi amerukia hewani mwili mzima, maji yakimtiririka kama shela. Mgeni anaitazama, kisha anauliza swali ambalo mtu yeyote mwangalifu wa fedha zake angeliuliza: “Nikimkosa, nitarudishiwa?” Kijana anacheka. “Utamwona tu, ndugu yangu. Msimu huu hakosekani mtu.” Mkataba umefungwa.

Fedha zile zinaanza safari yake. Hoteli inachukua fungu lake, shirika lake, papasi lake, mwenye boti lake, na petroli haina huruma. Kinachomfikia nahodha ni kidogo, pamoja na matumaini ya bakshishi wageni wakishuka wamefurahi. Alfajiri anapoondoa chombo, ameshabebeshwa ahadi ambayo hakuitoa yeye, juu ya kiumbe ambaye hakuulizwa. Je, inajuzu kuuza miadi na asiyeijua miadi hiyo? Hilo ndilo swali, na mtu asilione dogo kwa kuwa linahusu matembezi.

Kwanza budi kujua mgeni yule wa pili amekuja kufanya nini. Hakuja kula. Chakula chake ni uduvi wa maji baridi, na huo ameuacha kusini. Katika maji ya joto nyangumi mwenye nundu hali kitu, au hali cha kutajika, kwa muda wa miezi. Huishi kwa shahamu aliyojiwekea mwilini. Amekuja kujamiiana na kuzaa. Mimba yake huchukua karibu mwaka mzima, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne au zaidi, mama akiwa na mita kumi na tatu hadi kumi na tano. Mtoto huyo hana shahamu ya kumkinga na baridi ya kusini. Ana wiki chache tu za kunyonya maziwa mazito yaliyojaa mafuta, anenepe, ajifunze kupumua kwa mpango, kisha amfuate mama safari yote ile. Kila tone la maziwa hutoka katika akiba ya mama, na akiba haiongezwi mpaka wafike kwenye barafu. Mama akilazimishwa kukimbia asubuhi mara mbili tatu, gharama hutoka humo humo.

Pwani inalo neno kwa hali hii. Mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, naye hukaa ndani siku arobaini. Watu hawakatazwi kwenda kumtazama, tena ni aibu kutokwenda. Lakini kuna namna ya kwenda. Huendwa na watu wanaohusika, kwa sauti ya chini, huchukuliwa uji au kuku, hakukaliwi sana, na mtoto haondolewi kifuani mwa mamake ili mgeni apate kumwona vizuri. Hakuna aliyeandika kanuni hizo ukutani. Mtu akizivunja, bibi wa nyumba humtoa, awe nani.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, ambamo watafiti walibandika vyombo vidogo vya kunasa sauti migongoni mwa watoto wa nyangumi. Walichokisikia kilikuwa minong'ono. Mtoto na mama huwasiliana kwa sauti hafifu mno, za kusikika karibu tu. Na watafiti waliona kwamba huenda wanajificha wasisikiwe na nyangumi wauaji, au na madume yanayotafuta jike. Wenye arobaini, basi, hata huko chini wananong'ona. Mashine mbili za boti zikipita juu yao, mnong'ono huo hauwezi kusikika.

Dume ndiye mwenye sauti, na hapa wapenzi wa mashairi wana haki ya kutua kidogo. Roger Payne na Scott McVay walipochapisha makala yao mwaka 1971, walionyesha kwamba sauti za nyangumi mwenye nundu zina mpango: vipande vidogo hukusanyika kuwa fungu, fungu hurudiwa na kufuatwa na jingine, hata wimbo ukatimia, kisha huanzwa upya, na mwimbaji aweza kuendelea hivyo kwa masaa. Madume ya eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa karne iliyopita, nyangumi wa mashariki mwa Australia waliuacha wimbo wao wakashika wa jamaa zao wa magharibi, kwa muda mfupi hata watafiti wakashangaa. La ajabu zaidi ni lile waliloliandika Linda Guinee na Katharine Payne mwaka 1988: kwamba nyimbo zenye mafungu mengi ndizo zenye kuonyesha miisho inayofanana, mithili ya vina, na kwamba yumkini miisho hiyo humsaidia mwimbaji kukumbuka kinachofuata.

Aliyepata kumsikiliza mtu akighani utenzi mrefu kwa ghibu, bila ya karatasi, hatahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kina cha mwisho kimewavusha wengi palipokuwa na shimo la kusahau. Hata hivyo isisemwe kwa haraka kwamba nyangumi ni malenga. Hajulikani anasema nini, wala kama anasema. Kinachojulikana ni kwamba hamwimbii aliye juu ya boti. Wimbo huo haupandi juu ya maji ukamfikia mtu aliyesimama na kamera akingoja mruko. Husikiwa na mpiga mbizi, au na aliyezima mashine akateremsha chombo cha kusikilizia majini. Wengi wanaorudi wakisema “hatukupata kitu” walikuwa wamekaa saa nzima juu ya wimbo.

Ama kalenda iliyowekwa mezani mbele ya mgeni, nayo ina ukoo wake, na si ukoo wa kujivunia. Katika karne ya kumi na tisa merikebu za Wamarekani wawinda nyangumi zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua maji na vyakula. J. Ross Browne, aliyesafiri ndani ya mojawapo, alichapa kitabu mwaka 1846 juu ya maisha ya merikebu hizo, na jina la kitabu lenyewe linataja kukaa kwake katika kisiwa cha Unguja. Manahodha wa namna hiyo waliandika kila siku: upepo, mahali, nyangumi aliyeonekana, mapipa ya mafuta yaliyopatikana. Katikati ya karne ile afisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, alizikusanya daftari nyingi za aina hiyo akachora ramani ya kuonyesha mahali nyangumi walipopatikana, mwezi kwa mwezi. Mwaka 1935 Charles Haskins Townsend alichapa ramani nyingine, zenye nukta za nyangumi zaidi ya 50,000. Ni ramani nzuri za kutazama. Kila nukta ni mzoga.

Swali la “lini na wapi”, analoliuliza mtalii kwa moyo safi, ndilo lilelile la mwinda. Naye alijua kwamba jike mwenye mtoto hasogei mbali na pwani wala hakimbii kwa kasi. Karne ya ishirini ilileta meli za mvuke na mizinga ya kurushia chusa, na katika nusu ya kusini ya dunia peke yake nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa. Uwindaji wao upande huo ulipigwa marufuku mwaka 1963, ingawa wapo walioendelea kwa siri. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na yafaa visiwa vikumbuke kwamba pendekezo hilo lililetwa na Shelisheli, nchi ndogo kuliko miji mingi ya wale waliokuwa wakibisha. Mwaka 1982 ukapitishwa uamuzi wa kusimamisha uwindaji wote wa biashara, ukaanza kutumika katikati ya muongo huo. Mgeni anayeoneshwa mkia wa nyangumi leo anamtazama mjukuu wa walionusurika.

Wala pwani isijione haimo. Ambari ilitajwa na al-Masudi katika karne ya kumi kuwa miongoni mwa bidhaa za pwani ya Zanji, na washairi wameimwaga vifuani mwa wapenzi wao kwa karne nyingi bila ya kuuliza inatoka katika utumbo wa nani. Hutoka kwa nyangumi wa kabila jingine, yule mwenye kichwa kikubwa, na aghalabu huokotwa tu. Lakini si vibaya kukumbuka.

Kabla ya nyangumi kuwa biashara, pomboo walitangulia, na kisa chao kiko karibu. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa. Mwaka 1992 wageni walianza kuletwa kuwatazama. Kwa miaka michache kazi zote mbili zilikwenda bega kwa bega, pomboo mmoja akitazamwa asubuhi na mwenziwe akikatwa vipande jioni. Hata ilipofika 1996 uvuvi wake ulikuwa umekoma, kwa kuwa aliye hai ameonekana kuleta zaidi. Hilo halipasi kudharauliwa. Wanaowakemea watu wa Kizimkazi kutoka mbali wakumbuke kwamba kijiji kile kiliacha kuua bila ya mtu kuwapelekea bunduki wala mahakama.

Lakini kilichofuata nacho kimeandikwa. Boti ziliongezeka. Kundi moja la pomboo likaja kuzungukwa na boti kadhaa, kila moja ikiwakatia njia ili wageni wake warukie majini mbele yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba majike, na hasa wenye watoto, walibadili mwendo wao boti zilipokuwapo. Mwingine wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mbele ya boti pomboo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Miongozo ilikuwapo, imeandikwa. Watu waliijua. Kilichowashinda si ujinga, na hapo ndipo penye fundisho kwa wenye kupanga safari za nyangumi. Nahodha mmoja akisimama mbali kwa adabu, wa pili anapita mbele yake. Wageni wa huyu wa pili wanashuka wakicheka na kutoa bakshishi, na wa yule wa kwanza wananung'unika. Kesho yake yule mwenye adabu ana watoto wa kulisha kama jana. Kumwambia awe mwema peke yake ni kumtoza yeye gharama ya ahadi iliyouzwa na wengine.

Kwa hiyo budi kurudi mezani, kwenye lile swali la kurudishiwa fedha.

Waliosoma fiqhi wanaujua mlango wa biashara, na mfano unaotajwa humo tangu zamani: haifai kumuuza samaki aliyemo majini, wala ndege aliyeko angani. Ni biashara ya gharari. Muuzaji hamiliki anachokiuza, na mnunuzi hajui atapata nini. Wanazuoni waliweka sharti hilo ili watu wasidhulumiane wala wasigombane, na kwa upande wa mnunuzi mtalii ameona njia yake ya kujikinga: asipomwona nyangumi, arudishiwe. Baadhi ya mashirika katika sehemu mbalimbali za dunia hutangaza jambo hilo kwa fahari, kama ushahidi wa uaminifu wao. Na kwa kweli, baina ya watu wawili walioketi mezani, hapana aliyedhulumiwa.

Ila ule mkataba una wa tatu, na huyo hakuketi. Hatari yote ya biashara iliyotolewa kwa mnunuzi imeondoka hapo ikaenda mahali. Kwanza imemwangukia mwenye boti, ambaye akirudi mtupu amepoteza petroli na siku nzima. Yeye naye hawezi kuibeba, basi anaisukuma kwenye usukani: chombo kinakwenda kasi zaidi, kinaingia karibu zaidi, kinakaa muda zaidi, na jike mwenye mtoto, ambaye ni rahisi kupatikana, anakuwa ndiye tegemeo la siku. Kwa njia hiyo uadilifu wa hesabu nchi kavu umelipwa kwa shahamu ya mzazi. Wale walioshika fedha hawamo ndani ya boti, na mgeni mwenyewe, akiambiwa, atasema kwa ukweli kwamba hakukusudia ubaya wowote.

Fiqhi hiyohiyo ina mlango mwingine, wa ijara. Samaki aliyemo majini hauziki. Lakini chombo hukodiwa, na kazi ya mtu hukodiwa, kwa siku inayojulikana na ujira unaojulikana. Hapo hapana gharari. Nahodha anauza anachokimiliki: boti yake, macho yake, ujuzi wake wa mkondo na bamvua, na asubuhi yake. Akipatikana nyangumi au asipatikane, ujira ni uleule, tena ulipwe wote, na bakshishi itolewe kwa namna alivyokiendesha chombo. Mabadiliko haya ya maneno katika karatasi yanaonekana madogo. Yanabadili kila kitu pale usukanini, kwa sababu nahodha aliyekodiwa kwa siku hana haja ya kumkimbiza mtu.

Itasemwa kwamba hapana mgeni atakayekubali kulipia bahari tupu. Jibu ni kwamba watu hulipia mambo ya namna hiyo daima: huingia msitu wa Jozani bila ya kuahidiwa kima punju yupi atakaa tawi lipi, na mvuvi hutoka kila siku kwa masharti magumu kuliko hayo. Na bahari ya Kusi si tupu. Lakini ni lazima mgeni aambiwe kabla, kwa maneno ya wazi, kwamba huenda akarudi bila ya kuona mgongo wala mkia. Na anayefaa kumwambia ni yule anayepokea fedha. Hapa ndipo papasi na mwenye hoteli wanapotakiwa ushujaa, maana ni rahisi kumwachia baharia habari mbaya.

Wengine husema dawa ni kuacha kabisa, nyangumi waachiwe bahari yao. Maneno haya yana usafi, na aghalabu husemwa na waliokwisha kuona. Kijana wa Kizimkazi aliyekulia karibu na maji, ambaye baba yake aliacha chambo akashika usukani wa boti ya wageni, hana pa kuyapeleka. Tena kuna ukweli usiopendeza: nyavu za jarife zinazotegwa usiku zimeua pomboo wengi katika maji haya, kwa mauti ya kuzama, na macho ya mgeni hayajaua hivyo. Lau kutazamwa kungekuwa ndiyo balaa kubwa ya nyangumi, wangekuwa salama. Kwa hiyo kwenda kuendwe. Kinachobishaniwa ni adabu ya kwenda, na adabu haikuwa kitu kigeni pwani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo, na kila mwenye hoteli analijua neno hilo. Mwenyeji wa Kusi, hata hivyo, ana wageni wawili kwa pamoja, na mmoja tu ndiye anayelipa. Katika nyumba yoyote ya heshima, mgeni mwenye mali hapewi ufunguo wa chumba cha mgeni maskini aliyelala, seuze chumba cha mzazi. Hodi hupigwa. Hupigwa mara tatu, na isipoitikiwa mtu hurudi, wala hana haki ya kununa. Baharini hodi ni kusimama mbali na mashine ikinguruma taratibu bila ya gia, au ikiwa imezimwa, na kungoja. Nyangumi hupiga mbizi dakika kumi na zaidi. Asiyeweza kungoja muda huo amekuja kwa haraka za kwao. Mara nyingine jibu huja: nyangumi mwenye nundu hujulikana kwa kuja mwenyewe kutazama chombo kilichotulia, akakizunguka, akaenda zake. Na mara nyingine haji.

Anayeipanga safari hiyo, basi, ana mambo machache ya kuyajua kabla ya kutoa fedha. Kati ya Julai na Agosti Kusi huvuma kwa nguvu, na nje ya mwamba bahari huchafuka. Mawimbi yenye povu jeupe huuficha mvuke wa pumzi, ambao ndio unaotafutwa kwa macho. Kwa sababu hiyo hutokwa alfajiri, upepo haujapanda. Septemba na Oktoba bahari hutulia, na ndiyo miezi inayosifiwa sana na watangazaji kwa kuwa majike huonekana na watoto wao karibu na nchi. Tangazo lolote linalotaja watoto na ukaribu kwa pamoja lasomwe mara mbili. Australia, ambako kazi hii ni kubwa, mwongozo wa taifa unaitaka boti isimkaribie nyangumi chini ya mita 100, na akiwapo mtoto isiingie ndani ya mita 300. Mita 300 ni mbali kwa mwenye simu ya kupigia picha. Kwa mwenye darubini si mbali. Basi darubini itiwe katika mkoba kabla ya kamera.

Ulizo la kumuuliza mwenye boti ni ngapi zitakazokuwa pale, na atafanya nini akikuta wengine wamekwisha kumzunguka nyangumi. Anayejibu kwamba ataondoka, huyo akodiwe hata akiwa ghali. Inafaa pia kuuliza kama habari za waliokutana nao zinapelekwa popote. Upande wa Kenya upo mtandao wa watu wanaofuatilia wanyama wa baharini wenye kunyonyesha, nao hupokea taarifa za manahodha, wavuvi na wakaazi. Chini ya mkia wa kila nyangumi mwenye nundu mna mabaka ambayo hayafanani na ya mwingine, na picha moja iliyopigwa kwa mbali, yenye tarehe na mahali, yaweza kumtambulisha kuwa ni yuleyule aliyeonekana miaka mitatu nyuma Msumbiji. Mwanzoni daftari ziliandikwa kwa ajili ya mapipa. Hii nayo ni daftari, na mgeni anaweza kuandika mstari mmoja ndani yake hata kama alikuja kwa ajili ya mruko.

Jambo la mwisho la kupangwa ni kurudi. Saa ya kurudi ikubaliwe kabla ya kuondoka, na isisogezwe kwa sababu ya mtu kutoridhika. Saa nne za asubuhi upepo umeshapanda, wageni wawili wameshatapika, na mvuke ulioonekana upande wa Kizimkazi saa moja na nusu haujarudi tena. Nahodha anazima mashine. Kimya kinaingia chomboni, maji yakigonga mbao. Baharia anateremsha waya wenye kile chombo cha kusikilizia, anampa mgeni wa karibu vipokea sauti, na mgeni yule anaviweka masikioni, anakunja uso, anainua mkono wenziwe wanyamaze. Wanapokezana mmoja mmoja. Kisha nahodha anatazama jua, anatazama saa yake, anaamuru waya uvutwe, na boti inageuzwa kuelekea Dimbani.